Damu ya Bitiruti

Hapa Durban ukialikwa chakula cha Jumapili huikwepi bitiruti, ile mboga nyekundu inayochafua wali na vidole. Nikisikia tu harufu yake ikichemka, uso unaniwaka kwa aibu. Wenyeji wangu hudhani sipendi mboga. Wewe acha nikueleze.

Tulipokuwa darasa la saba tuliigiza wakubwa wa Roma ya kale, na mwalimu akanipa mimi nafasi ya Kaisari. Mama alifurahi kupita kiasi. Alikuwa anasuka nywele Greyville, na kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake aliambiwa kwamba mtoto wake ni Kaisari. Yeye alimjua wa kwenye Biblia tu, yule wa kodi. Kwamba Juliasi Kaisari alichomwa visu na watu wake mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Mimi nilidhani dunia nzima inajua.

Akanitolea shuka jeupe la harusi yake, alilokimbia nalo kutoka Bujumbura, akalipiga pasi na kunifunga begani. Siku yenyewe alikaa mstari wa mbele na kitenge chake cha kanisani. Chini ya shuka nilikuwa nimeficha mfuko wa maji ya bitiruti.

Bruto, yule rafiki wa Kaisari aliyemchoma pamoja na wengine, alikuwa Thabo, rafiki yangu, ambaye hakuwahi kuondoka kwetu bila kula. Wenzake walitangulia, yeye akaja mwisho na kisu cha kadibodi. Nikabonyeza mfuko, shuka likalowa jekundu. Nilikuwa nimevuta pumzi niseme maneno yangu ya mwisho, ndipo nikasikia sauti ya Mama.

"Thabo, hata wewe? Si unakula kwangu?"

Alishapanda jukwaani. Akapiga magoti, akanikandamiza tumbo kwa kitenge, akalia kile kilio cha msiba cha kwetu, cha sauti kubwa na kuita majina. Aliita jina la baba yangu. Ukumbi mzima ukacheka. Thabo alibaki mdomo wazi na kadibodi yake mkononi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, ni mchezo," nilimnong'oneza. "Teremka jukwaani, tafadhali."

Tulirudi kwa miguu kando ya uwanja wa mbio za farasi, mimi mbele, yeye nyuma amekumbatia lile shuka. Kwenye roboti, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, tukingoja zibadilike, akanifikia.

"Huyo Kaisari, alikuwa na watoto?"

"Sijui. Eish, Mama, nimekwambia iko mchezo tu."

Nilikuwa mtu mzima tayari shangazi aliponieleza kwamba baba yangu hakuuawa na wageni. Waliokuja walikuwa watu waliozoea kula mezani kwake, na Mama alimwita kila mmoja kwa jina lake akiwasihi, mimi nikiwa mgongoni. Siku hiyo niliona aibu upya, na hiyo haijanitoka.

Mama bado anasuka. Lile shuka analo, doa halikutoka. Na mtoto aliyekuwa akimuulizia pale kwenye roboti alikuwa mimi.