Leso Mdomoni mwa Exilda Lacombe

Exilda Lacombe, binti Télesphore Lacombe aliyeshuka kutoka Quebec na mke, watoto tisa na jiko la chuma, mjukuu wa Euphrosine aliyezalisha wanawake wa vijiji vitatu bila kupoteza hata mmoja, alikuwa mama yangu mdogo. Nilimjua miaka arobaini na sita, na sikumwona hata siku moja akiomba ruhusa ya kusema.

Alikuwa mfumaji wa pamba katika kiwanda cha mjini kwetu, Massachusetts, akiendesha mitambo sita peke yake. Enzi hizo uzi ukiisha, ulitia bobini mpya ndani ya kile kibao kinachokimbia huku na huku kwenye mtambo, kisha ukaweka mdomo kwenye tundu lake na kuuvuta uzi kwa pumzi. Tuliita kubusu kibao. Unabusu mara mia kwa siku mpaka meno yanaoza, na mwenzako akiugua unarithi vibao vyake na kuvibusu vilevile. Mama yangu, Azélie, alikohoa majira ya baridi mawili, kifua kikuu kikamchukua. Vibao vyake akapewa Exilda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na Septemba ilikuwa zamu yangu kuingia chumba hichohicho.

Hapo Exilda akaanza kusema. Alisema na padri, akasema na kina mama wa kanisani, akapanda treni mpaka Boston na mabibi wa chama cha afya kuwaambia watunga sheria kwamba kuna vibao vya namna nyingine, vyenye ufa, ambavyo uzi unapitishwa kwa kidole. Waliokataa ni wafumaji wenyewe. Tulilipwa kwa urefu wa nguo, na ilisemekana vibao hivyo vinachelewesha kazi.

Nyapara wetu, Bwana Entwistle, alimsimamisha langoni nikiwa nimeleta chakula.

"Nakupa siku sita na vibao vyako vya kidole, Lacombe. Nguo ikipungua yadi moja tu, vya zamani vinabaki, na sitaki tena habari za sheria chumbani kwangu. Na huyu mtoto wa dada yako atabusu kama wenzake."

Exilda akanitazama. "Lete hizo siku sita," akasema.

Jumatatu nguo ilipungua yadi kumi na moja. Kidole kilikuwa hodari; ulioharibu kazi ni mdomo. Miaka ishirini na miwili ulikuwa umezoea, ukawa unakwenda wenyewe. Anainama, anavuta pumzi kwenye mbao isiyo na tundu, anashtuka, ndipo anaanza upya kwa kidole. Malvina Gauthier, wa mitambo ya jirani, alicheka mpaka akajishika mbavu. Mle ndani kwa makelele hamsikiani, mnasomana midomo tu, na Malvina alimwandikia kwa midomo mipana:

"Wewe Exilda! Mumeo anajua unabusu mbao?"

"Mume wangu ananuka tumbaku. Hii angalau ni safi!"

Jumatano alikuja na leso nyekundu ameifunga kutoka puani hadi kidevuni. Mdomo ukifika kwenye kibao unakuta kitambaa, na kidole kinakumbuka wajibu wake. Ila sasa yeye, mtawala wa maneno yote ya chumba kile, akawa bubu.

"Mungu asifiwe!" Malvina akasema. "Nimeingoja siku hii tangu niolewe."

Exilda alimjibu kwa mkono. Sitaandika ishara yenyewe.

Bwana Entwistle akaja mbio. "Nini hii? Mnagoma?" Exilda akatikisa kichwa, akamwonyesha nguo inavyoteremka.

Ijumaa Malvina akachukua kibao kimoja kipya, akajifunga kitambaa cha kichwani mdomoni. Saa ya chakula akaniambia, "Hakuna raha ya kuchokoza mtu asiyejibu. Afadhali tunyamaze wote." Jumamosi walikuwa saba.

Nguo ya siku sita ilipopimwa, ilizidi yadi tatu. Bwana Entwistle akapima tena kwa mkono wake mwenyewe, akavua kofia, akajikuna. "Haya, Lacombe. Viletwe vya chumba kizima." Sheria ya Boston ilipofika, kwetu ilikuta kazi imekwisha.

Septemba nikaingia. Sijapata kubusu kibao maishani mwangu, na nina meno yangu na mapafu yangu mpaka leo. Asubuhi ile ile ya kwanza, kabla mitambo haijawashwa, Exilda alinionyesha wasichana watatu wa Kipolandi waliotoka kiwanda cha ng'ambo ya mto, ambako bado walikuwa wanabusu.

"Hao ni wako," akasema.

"Mama mdogo, mimi mwenyewe mgeni!"

"Ndiyo maana. Mdomo wako haujaharibika. Usiwahubirie, Kifaransa chetu hawakijui. Mshike mtu kidole, ukipeleke kwenye ufa, mpaka kiende chenyewe. Anza na yule mwenye shela ya kijani."