Mtani wa Mgonjwa Wangu

Sitasema uongo, nilimwonea wivu. Tulikuwa manesi wawili wa zahanati moja, upande wa Lupaso, tukapelekwa pamoja Newala kwenye mafunzo ya afya ya akili: namna ya kumtambua mwenye sonona, namna ya kumsikiliza, namna ya kumuuliza kama anafikiria kujiua. Mimi niliandika kila neno. Mwenzangu alikaa nyuma akichekesha watu, na chai ikija yeye wa kwanza. Mwisho wake tukapewa cheti kilekile. Nilinuna njia nzima mpaka Masasi.

Mgonjwa nilikuwa naye tayari. Mama mmoja wa Kimakua, mwanawe alikufa kwa ajali ya bodaboda, na tangu hapo shamba haendi, chakula anakigusagusa tu, na watu hataki kuwaona. Nikawa namtembelea kila Jumatano. Shikamoo mama, marahaba nesi, nakaa naye mkekani kama tulivyofundishwa, sauti ya chini, bila haraka. Je, kuna wakati unaona bora usiishi? "Hapana, nesi. Ahsante." Akazidi kukonda.

Jumatano moja mwenzangu akasema twende wote. Nilitaka kukataa, ila sababu sikuwa nayo. Yeye ni Myao, na huku Myao na Mmakua ni watani. Hata hodi hakuimaliza.

"We Mmakua, jua lote hili umelala, mikorosho akupalilie nani? Uvivu huu mnanyonya na maziwa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Yule mama akageuza shingo. Mwenzangu akajitupa mkekani.

"Na ukifa, wa kuhangaika msibani ni mimi mtani wako. Basi niambie unakufa lini, nije na sufuria ya ubwabwa."

Mama akacheka. Muda wote ule sikuwahi kuyaona meno yake. Kicheko kikageuka kilio, na katikati ya kilio akasema kwamba dawa ya kuulia wadudu wa mikorosho ameificha chini ya kitanda, anasubiri tu dada yake aliyekuja kumwangalia arudi kwake Chiwata, ainywe.

Mwenzangu hakutania tena. Alimkumbatia, akaniashiria kwa macho niitoe. Nikapiga magoti, nikaitoa. Niliogopa, na ndani ya hofu hiyohiyo wivu ulikuwa unanitafuna. Kwa nini si mimi? Mimi Mchagga, mtani wangu ni Mpare, na Mpare mwenye sonona nitampata wapi Lupaso?

Nikashindwa kujizuia. "Mama, mbona mimi nilikuuliza hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza kwa heshima, nesi," akasema. "Na mimi nikakujibu kwa heshima."

Jumatano iliyofuata nilitangulia makusudi. Nilimkuta kibarazani anakula muhogo, dada yake yuko pembeni. Nikafurahi, kweli nilifurahi. Akaitikia shikamoo yangu, akatazama njia niliyotoka, akaniuliza mtani wake yuko wapi.