Lori Jipya na Harusi ya Mnyuzi

Mimi nina hasira za karibu, nalisema hili mapema. Na siku ile, Mungu ananiona, nilikasirikia kila kitu: baiskeli, ngoma, vigelegele, na zaidi ya yote injini mpya.

Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Kang'ata, Handeni, kilikuwa kimepata lori. Jipya! Bado lilinuka rangi. Dereva wa kijiji nilikuwa mimi peke yangu. Fundi aliyetukabidhi pale Korogwe alinieleza vizuri: injini mpya vyuma vyake havijazoeana. Siku za mwanzo usiikimbize, usiibebeshe mzigo, wala usiende mwendo mmoja muda mrefu. Ongeza kidogo, punguza kidogo. Ukiona kilima, shusha gia mapema, usiilazimishe. Simama ipumzike, pima oili. Ukiiharakisha sasa, itakunywa oili maisha yake yote.

Nikawaeleza watu kijijini. Akina mama walielewa haraka kuliko wote. "Kumbe ni mwali," shangazi yangu akasema. "Anafundwa." Basi lori likawa mwali. Walilitandikia kanga kwenye boneti, wakaliimbia, na mwenyekiti wa kijiji akajiteua kuwa kungwi wake. Haliondoki mpaka yeye akae mbele, macho kwenye mshale wa spidi.

Yote hayo yalinifurahisha mpaka ilipofika harusi yangu.

Mchumba wangu alikuwa wa Mnyuzi, mbele ya Korogwe. Mwenye kauli kwao alikuwa mjomba wake, mzee aliyefanya kazi reli miaka mingi, na hakunitaka sana. Dereva, alisema, ni mtu wa njiani. Alikubali kwa shingo upande, na kwa sharti: ndoa ifungwe Ijumaa ile, mara baada ya sala. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa karibu kuandama. Nikichelewa, tungoje mpaka Idi ipite, na hapo tutazungumza upya. Tutazungumza upya! Nilijua maana yake. Kulikuwa na karani mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akipita pale kwao kila jioni, shati limepigwa pasi.

Tukaondoka alfajiri. Nikawakumbusha watu kwamba fundi alikataza mzigo. Wakanitazama kama mwendawazimu.

"Mzigo ni magunia," shangazi akasema. "Sisi ni watu."

Wakapanda, nusu ya kijiji, na ngoma zao, na masufuria. Nikafoka. Wakanipigia vigelegele.

Basi tukatambaa. "Taratibu, bwana harusi," mwenyekiti ananiambia. Kila kilima, gia chini. Kila tukienda kidogo, tunasimama mwali apumzike, na akina mama wanashuka kucheza. Wanacheza barabarani, na mimi nimeshika kijiti cha oili, jasho linanitoka! Tulipokwisha kuvuka Handeni mjini, Msambaa mmoja mwenye baiskeli, mkungu wa ndizi nyuma, akatupita. Hao ni watani zetu. Akageuza shingo.

"Poleni na msiba!" akapaza sauti. "Mnakwenda kuzika wapi?"

Lori zima likaangua kicheko. Nami, pamoja na kununa kwangu kote, nikacheka mpaka ikabidi nisimamishe gari.

Lakini tulipovuka mto Pangani na kuingia Korogwe, watu walikuwa wanatoka msikitini. Sala imekwisha! Mbele yetu barabara ya Mnyuzi ilikuwa tambarare, mkonge kushoto na kulia. Mguu wangu ukakanyaga. Mshale ukapanda, injini ikapiga kelele nisiyoipenda.

Mwenyekiti hakunikemea. Alisema tu, "Harusi ni yako, mwanangu. Lori ni letu sote."

Nilimchukia mzee yule kwa sababu alisema kweli. Mama yangu mzazi aliwahi kubebwa kitandani, mabegani mwa watu, mpaka hospitali ya Handeni. Wagonjwa wetu wote walibebwa hivyo, kabla ya lori. Nikainua mguu. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema, na nyuma yangu watu wanaimba nyimbo za harusi.

Tulipofika Mnyuzi, shehe alikuwa ameshavaa viatu, anaaga. Mjomba mtu alisimama barabarani, mikono mgongoni.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitika. Alilizunguka lori, akaniashiria nifungue boneti. Akainama, akanusa, akasikiliza injini ikizunguka polepole.

"Jipya hili?"

"Jipya, mjomba. Injini bado tunaizoesha."

"Na barabara ile yote ya mkonge hukukimbia? Ulijua nakungoja?"

"Nilijua. Nilitaka kukimbia. Nilitaka sana, mjomba!"

Akafunga boneti mwenyewe, taratibu, kwa mikono miwili. "Marahaba," akasema. Kisha akageukia uani. "Shehe, vua viatu. Huyu nampa binti yetu."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani hata Korogwe walivisikia. Tukaoana. Tukala pilau mpaka tukashindwa kuinuka.

Jioni tukarudi. Mwenyekiti alihamia nyuma kwa hiari yake, akamwachia nafasi mke wangu, aliyejifunika kanga mpya, ananukia udi, na bega lake linagusa langu kila tukipita shimo. Jua likaanza kuzama. Watu wakagonga paa: ongeza mwendo, tutaingiliwa na giza! Hata mwenyekiti akapaza sauti kwamba sasa naweza kukanyaga kidogo, yeye ameruhusu.

Nikajifanya sisikii. Mke wangu akacheka chini ya kanga. Nikashusha gia, ingawa kilima hakikuwepo.