Mzazi alikishtaki kitabu cha hadithi kwenye kikao cha wazazi: yaliyotokea maktabani kwetu, Ziwa Nyasa

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za wengine kimya kimya, leo nimeona nifungue wa kwangu. Haya yalinipata mwenyewe na sijaongeza chumvi. Majina ya watu nimebadilisha, na shule siitaji kwa sababu bado ndiko ninakopatia ugali.

Ni mkutubi wa sekondari ya kata huku mwambao wa ziwa, si mbali na Lipingo. Ukisikia mkutubi usifikirie jengo la vioo. Ni chumba kimoja, rafu za mbao alizogonga fundi wa hapa kijijini, mikeka, na dirisha linalotazama ziwa.

Kwetu ni Kigonsera, milimani kwa Wamatengo, kule kwenye kahawa na masweta. Hapa wananitania kwamba ni Mmatengo niliyeteremka kuja kuota jua.

Sasa kabla ya kisa, niwape msimamo wangu kuhusu vitabu vya watoto na vijana, maana bila huo hamtaelewa kwa nini niligombana na watu.

Kitabu kinachoishia na "hivyo watoto wapendwa, tuwatii wazazi wetu" mimi nakiweka rafu ya juu kabisa, jirani na popo.

Sipingi utii jamani. Lakini mtoto kahubiriwa nyumbani, kahubiriwa mstarini asubuhi, Jumapili kahubiriwa tena. Akija maktaba mwache apumue.

Watoto wadogo wape vya kutisha kidogo. Wale wa shule ya msingi jirani wakifika kwenye zimwi wanasogeleana mkekani na kucheka. Nilikificha kimoja nikihofia watakosa usingizi, wakawa wanakiulizia kama wanaulizia ndugu aliyelazwa.

Na vijana, kuanzia Form Two hivi, wanataka hadithi ambayo mtu wa umri wao anakorofishana na mkubwa, halafu mwandishi haharakishi kusema nani kakosea.

Halafu kuna hili la watu wa semina, kwamba mtoto asome mazingira yake. Niliwaamini, nikapigania tuletewe vitabu vya uvuvi. Vikaja. Vikakaa.

Binti mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Madam, asubuhi nimeanika usipa. Jioni nitaanua usipa. Hapa katikati nisome tena usipa?"

Kwa wa mbali, usipa ndio dagaa wa ziwa letu.

Huyo binti tumwite Hilda. Alikuwa Form Two, mtoto asiyesema sana, lakini akishika kitabu unaweza kufagia chumba kizima asinyanyue miguu. Nikampa riwaya moja nyembamba ninayoipenda.

Ndani yake kuna binti anayetaka kujifunza ufundi wa injini. Baba yake anataka aolewe na mwenye duka. Wanabishana mpaka binti anaamua kudandia lori la vitunguu na kutoroka.

Hilda akaenda nayo nyumbani. Mimi nikaendelea na maisha.

Siku moja, jua la saa nane, nikamwona mzee anakuja uwanjani amevaa koti la kanisani. Siku ya kazi, joto la ziwani, koti. Nikajua hapa kuna jambo.

Alikuwa baba yake Hilda. Tumwite Mzee Alfred. Ni mzee wa kanisa, ndiye anayesoma masomo Jumapili, na wavuvi wote wanamheshimu. Kitabu amekifunga kwenye kitambaa, amekishika mbali na mwili kama mtu aliyebeba nyoka aliyekufa anakwenda kuwaonyesha majirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayewapa watoto vitabu?"

"Ndiyo mzee."

"Hiki umekisoma?"

"Nimekisoma zaidi ya mara moja, mzee."

Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Basi tatizo ni kubwa kuliko nilivyodhani."

Hakuishia kwangu, akaenda kwa mkuu wa shule. Mkuu wetu ni mtu wa kemia, na kwake kitabu kisicho na maswali nyuma ni pambo. Tena hapendi ugomvi na wazazi. Akaamua kitabu kirudishwe rafuni, maktaba ifungwe, ufunguo akae nao yeye, na suala lote liende kwenye kikao cha wazazi.

Wakuu, mlango ukishafungwa ndipo unajua nani alikuwa anakitamani chumba chako.

Mwalimu wa chakula alikuja akachungulia dirishani akipima kwa macho. Mahindi ya chakula cha mchana yanaliwa na panya stoo, na kile chumba ni kikavu. Nilimwona anahesabu magunia kichwani.

Watoto wa shule ya msingi walikuja wakakuta mikeka imefungiwa ndani, wakakaa mchangani kidogo, wakaondoka. Hilda akawa ananikwepa kabisa, akiniona njiani anageuka kuelekea chooni. Hilo liliniuma kuliko ufunguo.

Siku ya kikao wazazi walijazana darasa la Form Four, wengine magoti yamebanwa na madawati. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Hotuba yangu ilikuwa na fikra tunduizi, ilikuwa na stadi za maisha, ilikuwa na ukuaji wa kihisia.

Nilipofika kwenye ukuaji wa kihisia, mama wa mbele akapiga mwayo nikaona mpaka kidaka tonge. Nikakaa.

Akasimama Mzee Alfred. Akasema yeye si mtu wa maneno mengi, atawaeleza tu hicho kitabu kina nini ili wahukumu wenyewe.

Akaanza kueleza.

Sasa jamani, huyu ni mtu aliyezoea kusomea kanisa zima bila kipaza sauti. Akaanza na binti anavyoiba muda kwenda gereji. Akaenda kwa mwenye duka, akamwigiza anavyotembea na tumbo lake. Akamwigiza baba mtu, na hapo sauti ikashuka yenyewe. Wanaume waliokuwa nje wanapokea simu wakarudi ndani.

Akafika alfajiri ya kutoroka. Binti amesimama barabarani na kifurushi. Lori linakuja, limejaa vitunguu, linapunguza mwendo mlimani. Binti anakanyaga tairi, anashika ubao.

Akanyamaza.

"Kwa hiyo mmeona wenyewe ubaya wake," akasema, akakaa.

Kisha Mama Beni, muuza usipa, mtu ambaye hajawahi kuniomba kitabu hata siku moja, akauliza, "Mzee, lori liliondoka naye?"

"Sijui."

"Hujui kivipi?"

"Niliishia hapo."

Minong'ono ikaanza nyuma. Mtu akasema labda dereva alimwona. Mwingine akasema dereva wa vitunguu hawezi kumwona mtu nyuma, yeye amewahi kupanda hayo malori kutoka Kitai na anajua.

Mwenyekiti wa wazazi akagonga dawati. "Tunahukumuje kesi ambayo mlalamikaji mwenyewe kaisikia nusu? Mwalimu, wewe umekisoma. Binti alifika wapi?"

Wote wakanigeukia. Nakiri wakuu, sijawahi kufurahi kazini kama dakika ile.

"Mwenyekiti," nikasema, "kitabu kiko maktaba. Na maktaba imefungwa."

Vichwa vikahamia kwa mkuu wa shule. Mkuu akajipapasa mfuko wa shati, akajipapasa wa suruali, akatoa ufunguo.

Hilda akaitwa kutoka darasani asome sehemu iliyobaki. Alianza huku anamtazama baba yake kila akigeuza ukurasa. Baba yake alikuwa ameinamisha uso anaangalia sakafu. Mbele kidogo hadithi ikamchukua mtoto, akasahau kutazama.

Muda wa kuanua usipa ulikaribia na hakuna aliyenyanyuka.

Mwisho wenyewe ni hivi. Baada ya muda mrefu binti anarudi nyumbani, mikono ina grisi. Baba amekaa kwenye benchi nje. Anamwona. Hasemi kitu. Anasogea tu kwenye benchi, na binti anakaa pale alipoachiwa nafasi. Basi, kimekwisha.

Hilda akafunga kitabu.

Mama Beni alikasirika. Kwake baba alipaswa kusema neno, huwezi kumpokea mtoto kama unampokea mzigo. Mzee mwingine akamwambia kusogea kwenyewe ndilo neno, wewe mama hujui wanaume wa zamani. Akajibiwa kwamba wanaume wa zamani ndio waliotufikisha hapa. Kijana mmoja baba wa mtoto wa Form One yeye alitaka kujua yule mwenye duka alioa nani.

Waliokuja kufunga maktaba wakawa wanagombania kitabu. Mpaka mkuu akamkumbusha mwenyekiti kwamba kuna uamuzi unasubiriwa.

"Uamuzi gani tena?" mwenyekiti akasema. "Fungua, watu wasome hicho wanachobishania."

Mwalimu wa chakula alivuta pumzi ndefu. Panya nao wana bahati zao.

Watu walipotawanyika nilimkuta Mzee Alfred bado amekaa kwenye dawati la wanafunzi. Nikamwambia anisamehe kama nimemvunjia heshima.

"Hujanivunjia," akasema. "Ila hicho kitabu bado sikipendi. Usinielewe vibaya."

"Sawa mzee."

Akainamia dawati. "Hilda ana dada yake. Alitaka kwenda Mbinga kujifunza ushonaji, mimi sikutaka. Akaenda. Tuliagana vibaya. Nikipiga simu hapokei, na siku hizi sipigi." Akatazama dirishani. "Nilipofika pale kwenye lori nikakifunga. Wewe ulidhani ni hasira. Mwanangu, niliogopa kujua linafika wapi."

Wakuu, hotuba yangu yote ya fikra tunduizi ilinitoka kichwani. Nilikaa naye tu.

Maktaba ikaendelea. Hilda alirudi kwenye mkeka wake, siku ya pili akaniomba "kingine chenye ugomvi." Mzee naye akawa anapita mara moja moja kukagua, hivyo ndivyo anavyoita. Anakagua vitabu mpaka jua linazama.

Halafu msimu wa kuvuna kahawa ulipokuwa umekwisha kule kwetu juu, akaingia dada mmoja, amevaa gauni lililoshonwa vizuri sana.

"Samahani Madam. Mimi ni dada yake Hilda. Baba alinipigia, safari hii nikapokea. Tukaongea habari za mvua, tukaongea habari za muhogo. Mwisho akaniambia nikija nyumbani nipitie hapa nichukue kitabu nisome. Jina amelisahau. Anasema kina lori."

Nikampa. Kitabu hicho mpaka leo hakijarudi, na sijakiulizia.

Nilichojifunza ni kwamba mtu mzima anayekikataza kitabu kwa nguvu, usikimbilie kumwona mshamba. Muulize ameishia ukurasa gani. Na kitabu cha kijana kisipomgusa hata baba yake kidogo, nina wasiwasi nacho.

Mama Beni, kwa taarifa yenu, anaamini mwisho ule umekosewa na amenitaka nimwandikie mwandishi arekebishe.

Haya, uwanja ni wenu. Nyie mlikatazwa kitabu gani mkiwa wadogo mkakisoma hivyo hivyo? Na yule baba wa kwenye benchi, alipaswa kusema neno au kusogea kulitosha? Walimu na wazazi msinionee haya, hata wa kunipinga njooni. Nitajibu taratibu, huku kwetu mtandao unapatikana ukisimama karibu na dirisha.