Uzio wa Pilipili

Kanisani kwetu Robanda mimi ni mzee wa kanisa, ingawa ni mwanamke, na ndiye ninayefundisha darasa la ubatizo. Somo langu linalopendwa ni la rehema. Nalifundisha vizuri, wala sijisifu. Wanaosema hivyo ni wanafunzi wenyewe, nami huwa nawauliza ili waseme. "Rehema ya Mungu haina uzio," nawaambia, nimenyoosha mikono mpaka walioketi mbele wanainama nisiwapige. "Hata mwenye hatia kubwa, akigeuka, anapokelewa." Nimewahi kutokwa na machozi kwa utamu wa maneno yangu mwenyewe.

Jirani yangu alipita darasa hilo kabla hajaoa. Kwa hiyo aliyoyajua kuhusu rehema aliyasikia kwangu, na hapo sina wa kumlaumu.

Shamba langu na lake yamepakana, na kwa chini yote mawili yanatazama hifadhi. Tembo wakitoka huko hawapigi hodi. Tunachofanya ni kuzungusha kamba za katani juu ya nguzo, tunatundika vitambaa vikuukuu, halafu tunapaka pilipili iliyotwangwa na kuchanganywa na oili chafu ya magari. Tembo akinusa anageuza. Uzio wenyewe hata mbuzi anaupita. Nguvu yake yote ni ile harufu, na ukiacha pengo umeacha mlango.

Mahindi yangu yalikuwa yameanza kukomaa wakati fahali wa jirani alipokata kamba yake. Badala ya kutafuta nyingine, yule bwana akakata kipande kwenye uzio wangu, kona ya chini, akijua atarudishia kesho. Kesho ilipofika tembo walikuwa wameshapita palepale. Walikula, wakakanyaga, wakaacha kinyesi kana kwamba wanashukuru. Mimi niliokota mahindi machanga yaliyosalia, nikayachemsha, nikayala kwa hasira.

Jirani alikana. Alisimama mbele yetu wazee wa kanisa, akainua mkono, akaapa mbele za Mungu kwamba hajagusa kamba yangu. Bahati mbaya fahali wake alikuwa amefungwa kamba hiyohiyo shingoni, na alikuwa analia machozi mpaka kidevuni huku anajisugua kwenye kila mti. "Ana mafua," jirani akasema. Nikaenda kumvua fahali ile kamba, nikaileta kikaoni, nikainusa kwa nguvu ili wote waone. Nilipiga chafya mpaka kilemba kikadondoka. Ushahidi ukapokelewa. Kwa kosa la kuapa uongo jirani akatengwa na meza ya Bwana, nami nikarudi nyumbani nimevimba kwa ushindi na pua inawaka.

Baada ya mavuno alikuja kwangu akapiga magoti uani. Akasema alidanganya, akasema anaona aibu hata kupita njia yangu, akaniomba nichukue nusu ya mahindi yake. Nilikataa. Watu walidhani ni ustaarabu. Ukweli ni kwamba nikila ugali wake nitamsema vipi? Hasira yangu ilikuwa nzima, imenona, na nilikuwa nimeizoea kuliko mahindi. Nikaamua na shamba lile nisililime tena. Nililiacha liote magugu, kila mpita njia aulize kulikoni, nami nieleze. Nilimweleza hata dereva wa bodaboda aliyekuwa amesimama kuchimba dawa. Maskini alisubiri mpaka mwisho, ameshika suruali.

Kisha mke wa jirani akajifungua. Kanisa letu halibatizi mtoto ambaye baba yake yuko nje ya kundi, na kurudi kundini kuna utaratibu wake: mwenye hatia anasimama mbele, anaungama, na wa kwanza kuinuka na kumpa mkono lazima awe yule aliyekosewa. Asipoinuka, mtu anarudi benchi la nyuma, na safari hii angerudi na mtoto wake. Mchungaji alikuja na pikipiki yake kuniuliza kama niko tayari.

"Nitaomba, Mchungaji," nikamwambia. Kwetu hilo ni neno la heshima la kusema hapana, naye alilijua.

Jumapili ikafika. Jirani akasimama mbele katika koti lililombana, akasema aliyoyafanya bila kupunguza, hata habari ya mafua ya fahali. Watu hawakucheka. Mkewe alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, hakuthubutu kuingia. Kanisa zima likageuka kunitazama, na nusu yao niliwafundisha mimi. Nilimwomba Mungu anipe malaria, pale pale, yenye kutetemeka, nibebwe. Hakunipa. Nikainuka. Naomba mtu asinisifu: kilichoniinua ni macho ya wanafunzi wangu, upendo haukuwemo hata chembe.

Nilimpa mkono. Mkono wake ulinuka gereji. Nikajiambia, hata siku ya toba mtu hawezi kunawa. Halafu jasho likaniingia jichoni, nikajifuta kwa mkono uleule.

"Yesu wangu!" nikapiga kelele.

Machozi yalifoka. Nikajifuta na la pili, nikawa nimemaliza kazi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akainua mikono juu. Nikasema, "Pilipili! Ni pilipili!" lakini kwaya ilikuwa imeshaanza, na tuna kwaya yenye sauti. Sikuona benchi liko wapi, kwa hiyo nikamshika jirani begani nisianguke, naye akanikumbatia akilia kweli, "Asante mama, asante mama." Mpaka leo video yake inazunguka kwenye kundi letu la wasapu. Wanaandika kwamba hawajawahi kuona msamaha wa namna ile.

Nyumbani nilinawa kwa mafuta ya kula, halafu sabuni, halafu mafuta tena, mpaka ngozi ikawa nyekundu na macho yakatulia. Ndipo akili ikarudi. Pilipili mbichi mkononi mwa mtu, Jumapili asubuhi? Nikajua amekata kamba tena. Sitaficha, nilifurahi. Nikafunga khanga kiunoni nikashuka shambani mbiombio, nikipanga maneno, nikimwonea huruma Mchungaji kwa jinsi atakavyoaibika.

Nilimkuta kona ya chini. Bado alikuwa na lile koti. Pengo halikuwepo, kamba ilikuwa mpya, nyeusi kwa oili, imezunguka shamba langu lote, na vitambaa vilivyotundikwa vilichanwa kutoka kwenye kitenge cha mkewe, nilikifahamu. Alikuwa anafunga cha mwisho.

"Shikamoo tena, mama."

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Namalizia hii kona. Nilianza alfajiri, ila kengele ya kanisa ilinikuta bado." Akatazama mikono yake. "Nilinawa, mama. Naona haikutoka. Unisamehe na hiyo."

Nikatafuta yale maneno niliyoyapanga, sikuyapata. Nilichopata ni ukali kidogo uliobaki. "Sasa unazuia nini? Tembo wale magugu? Humo ndani hakuna kitu."

Alitazama shamba, magugu yamefika kiunoni, lile shamba nililolionyesha kila mtu kama kaburi. Alianza zile kamba kabla hajajua kama nitainuka au nitakaa.

"Utalima tena, mama," akasema.

Nikamwambia aende akale, mkewe anamsubiri. Alipofika mbali nikashika nguzo, nikaanza kulia upya, peke yangu, bila kwaya. Na safari hii mikono nilikuwa nimeshanawa.