Mtani Wangu na Karameli ya Mikumi

Sukari ilipokuwa haipatikani, mimi nilikuwa mzima wa afya. Wajukuu zangu nikiwaambia hivyo hucheka, wakidhani ni porojo za bibi. Wacheke tu. Wao hawajui kuamka alfajiri ukaweke jiwe lako kwenye foleni ya duka la ushirika, kisha urudi nyumbani kuwasha moto ukijua jiwe linakushikia nafasi. Miwa ilikuwa inalimwa bonde la jirani, vijana wetu wa Kilosa walikwenda huko kuikata, na bado tulikunywa chai tukiwa na peremende mdomoni.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Vitu vikaanza kuingia, na maduka ya karibu na stesheni yakawa yanaweka gunia la sukari mlangoni, wazi kabisa, kana kwamba haijawahi kuadimika. Gunia la kwanza nililitazama mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Tangu siku hiyo nilikula. Kwenye chai yangu kijiko kilisimama chenyewe. Kalimati zangu ziliogelea kwenye shira. Soda nilikunywa kama mtu aliyetoka vitani, na nisiwe mwongo, ilikuwa raha. Mwili ukaja, na kwetu mwili ni sifa. Mume wangu tukienda naye sokoni alikuwa anatembea polepole ili watu waone vizuri jinsi anavyotunza mke.

Ambaye hakuona sifa yoyote ni mtani wangu, Mungu amrehemu, ametangulia. Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo utani umewapita pembeni. Mimi ni Msagara, wa ukoo uliokaa bonde hili tangu zamani. Yeye alikuwa Mnyamwezi, babu yake alikuja kukata mkonge mashambani akabaki hapa hapa. Wasagara na Wanyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo hata mume wako hana. Atakutukana mbele ya wakwe zako. Atachukua chakula mkononi mwako ale, na ukikasirika, mjinga ni wewe. Huyu wangu tulitenganishwa na ua wa mabua tu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na mdomo wake ulikuwa wembe. Asubuhi hakuniuliza hujambo. Alisema, "Gari la mizigo limeshaamka?" Nami nikamjibu, "Limeamka, sogea lisije likakukanyaga, we ufagio." Basi, siku imeanza.

Sasa, mwaka mmoja nikaanza kutokwa damu bila mpangilio, kiuno kinauma, nikisimama naona giza. Mume wangu akanipeleka hospitali Morogoro. Daktari akasema nina uvimbe kwenye kizazi, lazima utolewe. Lakini alipomaliza kunipima presha na kunipandisha kwenye mizani, alivua miwani yake akaifuta, na mimi nikajua hakuna jema linalokuja.

"Mama, nikikulaza usingizi na presha hii na mwili huu, sina hakika kama nitakuamsha," alisema. "Nenda ukapungue. Sukari acha, mafuta acha, dawa ya presha meza kila siku. Ukirudi hivi hivi, sikugusi. Na usikawie huko, damu inakuishia."

Nikaacha. Chai kavu, mchicha, kipande cha ugali ambacho hata kuku angekidharau. Usiniulize tabia yangu ilikuwaje. Mume wangu alianza kupenda sana mpira, yeye ambaye hakujua hata timu zinazocheza. Lakini mwili ulipungua, kidogo kidogo, na hapo ndipo balaa lingine lilipoanza.

Miaka ile mtu akikonda alikuwa haulizwi, anahukumiwa. Ugonjwa ulikuwa umeshapiga hodi kila mtaa, tumezika vijana mpaka machozi yamekauka. Mwanamke mnene kama mimi magauni yakianza kumningʼinia, watu wana jibu tayari. Nikasikia kwamba nimekanyaga waya, yaani ugonjwa wenyewe nimeupata. Wengine walimhurumia mume wangu, wengine walisema ndiye aliyeniletea. Mama mmoja wa mtaani, muuza vitenge, aliacha hata kunipa mkono, akawa ananipungia kwa mbali kama anafukuza nzi. Na mimi ningesema nini? Mambo ya kizazi hayatangazwi sokoni. Waliojua ukweli ni mume wangu na mtani wangu, basi.

Katikati ya hayo, kikundi chetu cha akina mama wa mtaa, Waislamu kwa Wakristo, ambacho kazi yake ilikuwa kusaidiana misiba na harusi, kikaamua kwenda kutembea Mikumi. Tulikuwa tumeishi jirani na tembo maisha yetu yote, tukiwajua kama wezi wa mahindi tu. Kwenda kuwatazama kwa starehe, kisha kula hotelini ndani ya hifadhi, tuliona ni mambo ya Wazungu. Lakini si ilikuwa ruksa? Tukakodi basi.

Mimi nilitaka kubaki. Wiki ile ile niliyokuwa nirudi kwa daktari, niende kukaa mbele ya vitamu? Mtani wangu akaja akaegemea ua.

"Usipokwenda, watasema umeshindwa kuinuka kitandani," alisema. "Ukienda usile, watasema tumbo halipokei. Kwa hiyo utakwenda, na utapakua kila kitu, uonekane unapakua. Kula niachie mimi."

Njiani visheti na kashata vilipita kiti kwa kiti. Kila nilipochukua, mkono wake mrefu ulitokea kwa nyuma ukapokonya. "Huyu Msagara atatumaliza, kwao hawana hata jembe," alisema huku akitafuna, na basi zima likacheka. Nikamwita jina lisiloandikika. Wakacheka zaidi. Nilikuwa na njaa ya kutisha, lakini nikicheka na wenzangu dirisha likiwa wazi na vumbi likituingia, nilisahau kwa muda kwamba mimi ni mgonjwa. Hata leo nikisikia harufu ya karanga na sukari iliyoungua, nazisikia zile sauti za wanawake ndani ya basi, na nyingi sasa zimenyamaza.

Wanyama tuliwaona. Twiga walitutazama kwa dharau, viboko walikataa kutoa zaidi ya masikio, na tembo alipovuka barabara mama mmoja alimsomea orodha ya mahindi yake yote. Kisha tukaenda kula.

Chakula kilikuwa chakula, wali na nyama, nikala kidogo mtu asione. Baada ya hapo ndipo wahudumu wakafunua meza nyingine, na nikaona kumbe dunia ina watu wanaoishi. Keki nyeusi yenye tabaka. Nanasi na papai chini ya kastadi ya njano. Na pembeni, kwenye visahani vidogo, kitu cha maziwa na mayai kinachotetemeka, juu yake kimemwagiwa sukari iliyounguzwa ikawa rangi ya asali ya nyuki wakali. Nikauliza ni nini. "Karameli, mama," akasema mhudumu. Naapa nilimeza mate kwa sauti.

Nilikuwa bado nimesimama pale pale muuza vitenge alipofika upande wangu. Alichukua kipande kikubwa cha keki, akakiweka kwenye sahani yangu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini, "Kula, mwenzetu. Au siku hizi tumbo halipokei?"

Vijiko vilisimama. Damu ilinipanda kichwani, na kwa presha yangu halikuwa jambo la mzaha. Nikasema moyoni, liwalo na liwe. Nikachukua keki, nikachukua kastadi, nikajaza sahani mpaka ikalemea, nikaja nikakaa mbele yao wote. Nikainua kijiko. Ningekula, wallahi ningekula mpaka sahani yenyewe, ili mdomo wa yule mama ufungwe.

Mkono mrefu ukaja. Mtani wangu alichota kastadi kwa vidole vyake, mbele ya meza nzima, akailamba. Akabeba keki. Akajivutia sahani yote mapajani. "Hii ni kodi," alisema. "Babu yangu alikatia hawa watu mkonge, wao wamelala. Leo nalipwa." Nikampiga kofi la begani, akanikwepa, akawa anakula anakimbia kuzunguka meza, mwanamke mzima mwenye watoto wa sekondari. Wenzetu waliangua kicheko, mwingine akajimwagia soda. Mhudumu alikuja mbio akidhani kumezuka ugomvi, Wazungu wawili wa meza ya jirani wameshikilia uma hewani. "Kuna nini, akina mama?" Tukamwambia ni watani. "Ah," alisema, akarudi zake. Na muuza vitenge akabaki anacheka na wengine, kwa sababu angefanya nini. Mtu anayegombania keki namna ile si wa kufa kesho.

Basi, hapo nilikuwa nimeokoka. Wenzangu wakatoka kwenda kupiga picha upande wa bwawa. Nikabaki ukumbini peke yangu, na karameli ikabaki mezani. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha chochote tena. Nilikuwa mimi na tamaa yangu. Nikachukua kisahani kimoja, nikakifunika kwa kanga, nikapita mlango wa nyuma, nikakaa kwenye ukuta mfupi unaotazama nyika. Najijua. Kijiko kimoja kwangu hakijawahi kuwa kimoja. Ningekula kile, ningerudia kingine, ningefika nyumbani nikajiambia daktari naye ni binadamu, nitakwenda mwezi ujao. Damu ilikuwa inatoka hata wakati ule nimekaa pale.

Nikasikia kandambili zake. Sikugeuka. Nikasema, "Chukua basi, si ndiyo kazi yako."

Hakuchukua. Alikaa kando yangu ukutani, akaweka mikono kwenye magoti.

"Dada," alisema.

Nilishtuka. Tangu nimjue hakuwahi kuniita dada. Nilidhani amepata habari ya msiba.

"Dada, ukifa atakayeitwa ni mimi. Nitavalishwa gauni lako, nitembee kama wewe na kugomba kama wewe mbele ya watoto wako, ili watu wacheke wapunguze uchungu. Ndiyo kazi ya mtani, siwezi kuikataa. Nimeshawaigiza wengi, na nawaweza." Alinigeukia. "Wewe sitakuweza. Naomba usile."

Angeninyangʼanya, ningemtukana, ningemlaumu yeye kwa njaa yangu. Alikuwa na haki hiyo tangu babu na bibi zetu, na aliiacha. Nilitazama kile kisahani, sukari imeanza kutiririka pembeni kwa joto, nikakiweka ukutani katikati yetu. Nililia. Naye alilia, bila sauti, akijifuta kwa kiganja. Tumbili mmoja akashuka kutoka juu ya paa, akachukua karameli yote kwa mkono, akapanda nayo, na hakuna hata mmoja wetu aliyecheka.

Njiani kurudi hakunitania. Asubuhi yake, juu ya ua, aliniambia, "Umeamkaje, dada?" Nikamtupia tusi zuri, nimelipanga usiku kucha, naye akasema tu, "Nashukuru, salama." Ikawa hivyo siku zote zilizobaki. Ile adabu yake ilinitia hofu kuliko mizani. Nilijua mtu huyu ameacha utani kwa sababu anaogopa nitamfia mdomoni, neno la mwisho kati yetu likawa tusi.

Daktari alinipima, akapima presha, akarudia presha. Akasema haipendezi sana lakini inafaa. Wakanilaza.

Nilipozinduka mdomo ulikuwa mkavu na tumbo linawaka moto. Saa ya kutazama wagonjwa ilipofika, mume wangu aliingia kwanza, akanishika mguu. Nyuma yake alisimama mtani wangu. Amevaa vizuri, kanga mpya, kichwa amekifunga kwa heshima. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, na mimi nikafumba macho nikisubiri aniite dada, maana nilijua akiniita hivyo basi daktari amewaambia jambo ambalo mimi sijaambiwa.

"We Msagara," alisema. "Wamekutoa uvimbe au wamekutoa ngʼombe? Mbona kitanda kimebaki kitupu?"

Nililia mpaka mshono ukaniuma. Muuguzi akaja juu, akamwambia yule mama aliyenitukana atoke nje mara moja, wagonjwa hawasumbuliwi. Nikamshika muuguzi gauni kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, nikamwomba amwache aendelee.