Santuri ya Deo Niliyoichoma Cimpunda

Ukitaka kucheka, cheka. Mke wangu aliniuliza kama nilikuwa nimekunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Sikuwa nimekunywa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa mchana, hapa hapa Bukavu, nikiwa na akili zangu zote. Tena naona haya kuyasimulia, na sijaona mtu anayetunga uongo wa kujiaibisha.

Mimi ni fundi wa redio na ampli, mtaa wa Cimpunda. Siku moja maman Furaha wa Bagira aliniletea santuri aliyoifunga kwenye kitenge. Ilikuwa ya miaka ya themanini, ile rock nzito wanayoiita heavy metal, iliyotoka Ubelgiji na hakuna aliyeijali. Mwimbaji alikuwa kaka yake, Deo. Alikwenda huko kusoma, akaingia katika bendi ya Wazungu watatu, wakatoa hiyo moja, haikununuliwa, na Deo akafa huko huko, akazikwa huko huko.

— Mama yetu iko anazeeka, macho haionake tena, aliniambia. Anataka kusikia sauti ya mutoto wake mbele ya kufa. Utatuwekea mu flash. Lakini uchunge, papa fundi. Tuko na hii moya tu.

Jalada lilikuwa na fuvu lenye pembe, linatapika moto. Nikaweka sindano upande wa kwanza. Ngoma zilianguka kama mabati, na mtu akanguruma. Sikumaliza hata wimbo mmoja.

Sasa nikwambie ukweli wenyewe. Kuogopa niliogopa, lakini si woga ulioniponza. Katika chumba chetu cha maombi, kila Jumatano watu huleta vitu vya giza: hirizi, shanga, pete. Mtu anatoa ushuhuda, kitu kinachomwa, na aliyekileta anapigiwa makofi. Miaka miwili nilikaa benchi la nyuma, sina cha kuleta. Unanielewa? Nilitaka makofi. Nikaibeba santuri ya watu, nikasema niliikuta chini ya kitanda cha marehemu baba yangu, nikaimwagia petroli kwa mkono wangu. Ilijikunja kama chapati. Jalada liliungua mwisho, na nyuma yake nikaona picha ya vijana wanne. Mweusi alikuwa mmoja, na koti la ngozi, anacheka, ana mwanya.

Maman Furaha aliporudi nilimwambia santuri ina mikwaruzo, nimeituma kwa fundi mkubwa Bujumbura. Akanishukuru. Alinishukuru, jamani!

Wiki iliyofuata ilinyesha ile mvua ya kuteremsha udongo barabarani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Akaingia kijana mwenye koti la ngozi, na koti lilikuwa kavu. Akacheka, nikauona mwanya. Wewe ungefanya nini?

— Njo weye fundi?

— Njo miye.

— Nimekuya kusikia disque yangu.

Nikamwambia iko Bujumbura. Amini usiamini, hata marehemu nilimdanganya.

Hakukasirika.

— Weka sindano tu, papa. Upande wa pili.

Nikaishusha sindano kwenye mashine isiyo na santuri wala umeme, na mashine ikazunguka. Haikunguruma. Lilikuwa gitaa moja, taratibu, na sauti ya kijana yule yule ikiimba kwa Mashi, lugha ya kwetu, wimbo wa kubembeleza mtoto. Katikati alimtaja mama yake kwa jina, akamwambia asimngoje mlangoni, baridi itamshika. Upande ule sikuwahi kuusikiliza. Nilipoinua kichwa, hapakuwa na mtu. Muuza makaa aliyejikinga mvua mlangoni pangu tangu ianze kunyesha anaapa kuwa hakuona mtu akiingia.

Nilifunga karakana, nikaenda Bagira siku ile ile. Nilikusudia kukiri. Maman Furaha alikuwa amekwenda sokoni, na mama yake alikuwa amekaa kitandani, macho yakitazama ukutani. Nilipomwambia mimi ni fundi, alinyoosha mikono yote miwili.

— Umeleta Deo?

Nikashindwa. Nikapiga magoti, nikauimba ule wimbo mimi mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa sauti ndogo kama inatoka kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipapasa uso.

— Wimbo njo ule. Na jina njo langu. Lakini hii haiko sauti ya mutoto wangu. Sauti yake iko wapi?

— Iko Bujumbura, mama. Bado wanaitengeneza.

— Basi nitangoya.

Alingoja wiki tatu. Nilikuwa kati ya waliobeba jeneza, na pale kaburini maman Furaha alinishika mkono mbele ya watu wote, akasema nimehangaika sana kwa ajili yao.

Tangu siku ile, weka santuri yoyote kwenye mashine yangu, iwe rumba, iwe kwaya: mteja anasikia muziki wake, mimi namsikia Deo akimwambia mama yake asimngoje. Nilijaribu kuiuza mashine hiyo, nikaona haya kumuuzia mtu sauti ya mwenzake. Jumatano bado naitwa mbele nisimulie jinsi nilivyoichoma santuri ya shetani, maana wageni wanapenda kuisikia habari hiyo. Jumatano iliyopita nilisimama tena. Na kila mwisho wa mwezi maman Furaha anapita kuulizia, nami bado nasema Bujumbura.

Wewe unayesoma, mtu akikukabidhi kitu cha marehemu wake, kisikilize chote kabla hujafungua mdomo. Na ukishakiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla wenyewe hawajaanza kukushukuru.